Dau Langu la Jumamosi, Malaba

Mimi nabeti. Nasema mapema kwa sababu wanaozungumzia kamari huwa ni wa aina mbili: walioiacha na sasa wanaihubiria, au wanaouza "mechi za uhakika" kwa WhatsApp. Mimi si mmoja wao. Ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kila wikendi ya ligi naweka mkeka mmoja, yaani dau la mechi kadhaa ambazo zote lazima zitokee nilivyotabiri, natazama mpira, na Jumatatu narudi kwenye makaratasi ya mizigo. Nimekuwa hivyo kwa miaka sasa na bado napata raha. Nataka kueleza jinsi ya kuupenda mchezo huu bila kuulisha.

Asiyeijua Malaba aelewe kwanza kwamba huu ni mji wa kusubiri. Malori yanapanda kutoka Mombasa na mizigo ya Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo, na mengi yanabanana kwenye mpaka huu mmoja. Kituo cha pamoja cha forodha kimepunguza usumbufu, sikatai, lakini siku mfumo wa kompyuta ukigoma, foleni inarudi nyuma hadi unachoka kuitazama. Dereva anakaa. Utingo anakaa. Na mimi nakaa, nikisubiri hati itoke. Mtu aliyekaa bure, simu ina hela ndani, duka la kubeti liko hatua chache kutoka kwa muuza chapati, huyo hahitaji shetani wa kumshawishi. Nimewaona wanaume wazima, wenye akili zao na nyumba zao, wakiweka dau kwa sababu tu saa zilikuwa haziendi.

Ndiyo maana jambo la kwanza nililolipanga halikuwa mechi, lilikuwa hela. Mshahara ukiingia, natuma shilingi 40,000 kwenye laini ya pili ya simu. Hiyo ndiyo yenye akaunti ya kubeti, na laini ya mshahara haijaunganishwa na kitu chochote cha kamari. Ni elfu kumi kwa wikendi, basi. Kwenye daftari la nyumbani hela hiyo imeandikwa upande wa matumizi, pamoja na dakika za simu na kiingilio cha kibanda cha mpira. Upande wa mapato haimo.

Mke wangu anaijua. Siku nilipoiandika mara ya kwanza aliniuliza, "Baba watoto, na ikirudi?"

"Ikirudi tutaona."

"Basi mimi naihesabu haipo."

"Na mimi vilevile."

Hayo mazungumzo mafupi yamenisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kusikia. Hela ikishahesabiwa kwamba haipo, mechi inakuwa mechi. Naweza kupiga kelele, naweza kumtukana mlinda mlango, lakini sina kitu cha kuokoa. Jamaa aliyekaa pembeni yangu kibandani, aliyeweka ada ya mtoto, anatazama mpira uleule lakini haoni mpira. Anaona ada.

Na hiyo laini ya pili ina kazi nyingine. Ikiisha hela Jumamosi jioni na nikatamani kuongeza, ni lazima nitoe kwenye laini ya mshahara, niandike namba, niweke siri, nisubiri ujumbe. Ni dakika chache tu. Lakini dakika ya 70, timu yako ikiwa nyuma bao moja na simu ikikuonyesha odi mpya, zile namba za kuzidisha dau lako ukishinda, zinang'aa, hakuna binadamu mwenye busara. Busara inatakiwa iwe imeshafanya kazi yake Jumatano, wakati damu imepoa. Nasikia watu wakisema "mimi nina msimamo". Huo msimamo wa kwenye kibanda siuamini hata kidogo, wa kwangu ukiwa wa kwanza.

Kuhusu matarajio, mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja anayebadilisha pesa karibu na ofisi yetu, vitita vya shilingi za Kenya na za Uganda mapajani kutwa nzima. Tuseme leo ananunua shilingi ya Kenya kwa 27 na kuiuza kwa 28. Siku moja nilimuuliza kama ana wasiwasi, kwa kuwa shilingi ilikuwa inayumba. Akacheka. "Karani, mimi sijali inapanda au inashuka. Mimi najali iwe inavuka." Kampuni ya kubeti ni mbadilishaji pesa yuleyule. Haina timu. Haijali Arsenal kashinda au kafungwa, inajali uwe unavuka na hela yako.

Hesabu yake si ngumu, na nawaomba wanaobeti waifanye angalau mara moja kwa mkono. Chukua mechi yenye odi 2.10 kwa wenyeji, 3.30 kwa sare, 3.40 kwa wageni. Tuseme unataka kupokea shilingi 10,000 matokeo yawe yoyote. Kwa wenyeji utaweka 4,762, kwa sare 3,030, kwa wageni 2,941. Jumlisha: 10,733. Umetoa 10,733 ili upokee 10,000. Hizo 733 ndizo ile tofauti ya 27 na 28. Hakuna aliyekuibia, bei iko wazi kwenye simu. Ila ni bei, na unailipa ushinde usishinde.

Mkeka mrefu ndio unaoilipisha bei hiyo tena na tena. Kila mechi unayoongeza inakatwa ukato wake. Kwa odi za namna ile, mechi moja inakurudishia kwa wastani kama shilingi 93 katika kila 100. Mechi tatu, kama 81. Mechi nane, kama 57. Ndiyo maana kampuni zinatoa "bonasi" kwa mwenye mechi nyingi. Mfanyabiashara hamshangilii mteja anayempunja.

Kuna dereva mmoja wa Kisauni, Mombasa, mtu mcheshi, ambaye mkeka wake hauna chini ya mechi kumi. Aliniambia anachagua "za wazi" tu. Nikamwambia sawa, tuseme kila moja ina nafasi ya kushinda mara 7 katika 10, na hizo ni za wazi kwelikweli. Tukazidisha kwenye kikokotoo cha ofisi, 0.7 mara kumi. Ikatoka chini ya 0.03. Yaani mikeka 100 ya namna hiyo, hata mitatu haifiki inayopita. Alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini wiki jana nilikosa moja tu."

Hapo ndipo penye sumu. Mkeka wa mechi kumi uliochanwa na mechi moja unauma kama vile ulikuwa wako ukaporwa. Mtu anaondoka akiamini amekaribia, kwamba wiki ijayo ni zamu yake. Wakati kwa mechi kumi za nafasi ile, kukosa moja ni jambo la kawaida zaidi kuliko kuzipata zote, tena mara nne na zaidi. "Nilikaribia" haimaanishi chochote. Mimi mkeka wangu una mechi tatu, wikendi nyingine mbili, na nikiona rafiki anahesabu zile alizopata badala ya ile aliyokosa, najua tayari anatafuta hela ya kesho.

Niseme na Agosti 2025, maana ilikuwa raha. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, na zote tatu zikafika robo fainali. Malaba ilikuwa na sherehe wiki nzima. Fikiria mji wa mpaka: madereva wa Mombasa, wa Tanga, vijana wetu wa Tororo, wote wana timu na wote wana maneno. Mkeka ukazaliwa wenyewe, wengine wakauita wa Afrika Mashariki: nchi zote tatu zisonge mbele. Watu ambao hawajawahi kuweka dau waliweka. Ukiwauliza kwa nini, wanakuambia "safari hii ni yetu".

Mimi nilikuwa nimezitazama mechi za Cranes, timu yetu ya Uganda. Walianza kwa kupigwa 3-0 na Algeria pale Namboole, wakaipiga Guinea 3-0, wakaifunga Niger 2-0, halafu ile sare ya 3-3 na Afrika Kusini ambayo penalti za mwisho mwisho ziliwatoa watu kwenye viti. Timu ya moyo, lakini si timu ya kuwekea ada. Senegal walikuwa mabingwa watetezi. Hata ukizipa nchi zetu nusu kwa nusu kila moja, zote tatu kupita ni mara moja katika nane.

Ijumaa, Kenya wakatoka sare ya 1-1 na Madagascar na kung'olewa kwa penalti. Tanzania wakafungwa 1-0 na Morocco. Jumamosi, Senegal wakatufunga 1-0. Wiki moja, nchi tatu, milango mitatu.

Na mimi niliweka kwa Uganda, elfu tano. Niliweka nikijua kabisa nafasi yetu ni ndogo, na wala sijuti. Nilitaka kutazama mechi ile nikiwa na kitu changu ndani yake, pamoja na mji mzima, na elfu tano ndiyo bei niliyoona inafaa kwa jioni kama hiyo. Dau la moyo halina ubaya likiitwa kwa jina lake. Tatizo ni wale waliokuja Jumapili wakisema "tumeibiwa". Mmoja aligombana na mwenye duka kwa sababu alidhani sare ya Kenya inaendelea kuhesabiwa hadi muda wa nyongeza, kumbe dau la kushinda mechi huishia dakika 90 na zile za majeruhi, na la kufuzu ni dau jingine lenye odi zake. Sheria hizo zimeandikwa. Mtu anayesoma hati ya forodha mstari kwa mstari anabonyeza "kubali" kwenye simu bila kusoma neno.

Kila msimu lazima atokee wa kunikumbusha Leicester City. Kweli, walichukua ubingwa wa Uingereza 2016 kwa odi za 5,000 kwa 1. Ninachowajibu ni kwamba kila mwaka kabla na baada ya hapo kulikuwa na timu za odi kubwa, na hela zilizowekwa juu yake zimekwenda bila kuandikwa gazetini. Habari ni ya aliyepata. Waliokosa hawana habari, wana salio.

Kuna mchezo ambao sichezi kabisa: kile kidege cha kwenye simu, kinachopaa huku namba zikiongezeka, halafu ghafla kinatoweka. Vijana wanakipenda kwa sababu hakina kungoja. Mimi nakikwepa kwa sababu hiyohiyo. Mpira unanilazimisha kukaa saa moja na nusu na zaidi na dau moja. Kidege kinamaliza duru kwa sekunde chache, kwa hiyo ile tofauti ya mbadilishaji pesa inakatwa mara nyingi ndani ya foleni moja ya lori. Na hapo watu huanza kusoma "mwendo". Kimekatika mapema mara tano, basi sasa kitaruka juu. Mwaka 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira mdogo wa ruleti, lile gurudumu la nyekundu na nyeusi, uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji wakamwaga mali kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Gurudumu halikujua kwamba wanalihesabia. Kidege nacho hakijui.

Upande wa sheria, serikali yetu si kwamba imelala. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 inakataza mwenye umri chini ya miaka 25 kucheza kamari, na Januari 2019 waziri wa nchi wa fedha, David Bahati, alitangaza agizo la Rais kwamba kampuni mpya za kubeti zisipewe leseni. Lakini hapa mpakani, ukivuka daraja, Kenya umri ni 18. Utingo wa miaka 21 ana laini mbili mfukoni, hivyo ana nchi mbili mfukoni. Mmoja aliwahi kunifuata nimuwekee mkeka kwa jina langu.

"Bosi, ni elfu mbili tu."

"Ni zako, au ni za mileji?"

Akacheka, akaenda. Mileji ni hela ya matumizi ya safari ya lori. Simwekei mtu, simkopeshi mtu hela ya dau, hata akiwa shemeji yangu. Anayekopa ili abeti ameshatoka kwenye burudani, na mimi nikimpa nakuwa sehemu ya duka. Namjua dereva aliyeichezea mileji akiwa bado upande wa Kenya, akafika hapa hana hela ya chakula wala ya kulala, akaanza kufyonza mafuta ya lori na kuyauza. Kazi ikaisha. Huyo hahitaji mawaidha yangu kuhusu odi. Anahitaji msaada wa kweli: kufunga akaunti kabisa, kumwachia mtu wa nyumbani simu yenye hela, na ikizidi, aende akamwone daktari. Hospitali ya Butabika, Kampala, inahudumia watu wa uraibu, na kamari inaweza kuwa uraibu kama pombe.

Nimesema sana kuhusu kupoteza. Kushinda nako kuna nidhamu yake, pengine ngumu zaidi.  Mkeka ukipita, kuna ile hali ya kuona kwamba hela ya ushindi si hela yako halisi, ni "hela ya kampuni", hivyo unaweza kuirudisha yote kwa dau kubwa. Ni yako. Ingeweza kununua sukari jana na inaweza leo. Mimi kilichozidi elfu kumi kinatoka kwenye laini ya pili siku hiyohiyo na mke wangu ndiye anayeamua kitakwenda wapi. Mara ya mwisho kilikwenda kwenye mabati ya jiko. Sikuulizwa maoni.

Daftari langu linaonyesha ukweli ambao si wa kujivunia wala wa kuhuzunisha: msimu mmoja nilimaliza juu kidogo, iliyobaki chini. Ndivyo hesabu ya mzee wa pesa inavyotaka iwe. Rafiki yangu aliyeliona daftari aliniuliza kwa nini basi naendelea. Nikamuuliza bia zake za mwezi huu zimemrudishia kiasi gani.

Ligi zikiisha Mei, laini ya pili naizima mpaka Agosti. Kampuni hazizimi. Juni na Julai zinaleta ligi za Norway, Finland, Brazil, timu za vijana wa nchi usizoweza kuzionyesha kwenye ramani, saa yoyote unayotaka. Sheria yangu ni kwamba siweki dau kwa mechi nisiyoweza kuitazama, maana nisipoitazama sijui nimenunua nini. Mwaka huu foleni ilikuwa ndefu, na yule wa Kisauni akanifuata na simu yake.

"Karani, hii timu ya Finland unaionaje?"

"Jezi yao rangi gani?"

Akaitafuta kwenye simu, akapandisha, akashusha. "Haijaandikwa."

"Basi tuko sawa, mimi na wewe."

Akaweka hata hivyo, elfu tano, kisha akaniuliza hati zake zimefikia wapi. Zilikuwa bado.